Safari ya Kibanda cha Konkordia

Wako watu wanaodhani kuwa safari huanza siku ile mguu unapovuka kizingiti. Dhana hiyo yaweza kuwa kweli kwa safari za barabara, ambazo kosa lake kubwa ni kuchelewa. Safari ya milima ya theluji ni kinyume. Huanza mezani, miezi mingi kabla, juu ya ramani na daftari, na sehemu yake iliyo ngumu kabisa yaweza kuwa imekwisha kabla mtu hajafunga viatu. Wasafiri wameandika sana habari za vilele. Mimi nataka kuandika habari za meza, kwa sababu mwaka huu nimekaa mbele ya meza hiyo tangu Oktoba, na mambo niliyoyaona hapo yamenishughulisha kuliko nilivyotazamia.

Sisi tu watu sita, wote wafanyakazi au marafiki wa chuo kimoja mjini Bern, katika nchi ya Uswisi, ambako mimi hufundisha Kiswahili. Mmoja wetu, mkubwa kwa umri, alitoa shauri kwamba mwisho wa Machi twende kulala siku mbili katika Kibanda cha Konkordia. Tulikubali mara moja, kama watu wakubalivyo jambo lililo mbali.

Kibanda hicho kipo mita 2,850 juu ya bahari, kimeshikamana na ukingo wa mwamba, na chini yake umelala mto wa barafu wa Aletsch, mrefu kuliko mito yote ya barafu ya milima ya Alps, yapata kilomita 20. Hapo mikono kadha wa kadha ya barafu hukutana na kufanya uwanja mpana mweupe, na kina cha barafu katika uwanja huo ni yapata mita 800. Hakuna barabara, na kijiji hakuna. Mwenye kwenda huko wakati wa theluji hupanda garimoshi lipitalo ndani ya tumbo la mlima Eiger, reli iliyofunguliwa mwaka 1912, mpaka Jungfraujoch, mita 3,454. Hapo hutoka nje, hufunga skii zake na kuteremka juu ya barafu.

Skii ni vibao viwili virefu vifungwavyo chini ya viatu kwa kutelezea thelujini. Watu wengi huvitumia katika miteremko iliyosawazishwa, wakipandishwa kileleni na mitambo ya kamba na kushuka bila kazi. Sisi twataka namna nyingine, iliyo ya zamani zaidi: kupanda kwa miguu yetu wenyewe. Chini ya skii hubandikwa ukanda wa manyoya yaliyolala upande mmoja, hivi kwamba skii huteleza kwenda mbele lakini haikubali kurudi nyuma. Hapo kale ukanda huo ulikuwa ngozi ya sili. Siku hizi aghalabu ni manyoya ya mbuzi wa Angora au nailoni. Mtu akifika juu huubandua, huukunja na kuutia kifuani chini ya koti ili gundi yake isigande kwa baridi. Nilipojifunza jambo hili miaka minane iliyopita, nilicheka peke yangu, maana nilizaliwa Marangu, nikaiona theluji kila asubuhi ya utoto wangu bila kuigusa hata siku moja. Theluji ya Kibo ilikuwa kitu cha kutazamwa na kuonyeshwa wageni. Kuitembelea ilikuwa kazi ya wajomba zangu wapagazi, na walipoirudia nyumbani hawakuisifu.

Mama yangu, nilipomweleza habari za safari kwa simu, aliuliza, "Mwanangu, huko mwendako kuna nini?"

"Kuna nyumba ya kulala, mama."

"Na hapo ulipo huna nyumba?"

Sikuwa na jibu, wala sina mpaka sasa. Naliacha swali lake hapa kwa sababu ni swali la haki.

Jambo la kwanza tulilolifanya ni kumtafuta kiongozi. Kiswahili cha misafara ya zamani kilikuwa na neno kirangozi, yaani mtu aliyetangulia mbele ya wapagazi na kuichagua njia. Kiongozi wa milima wa Uswisi ni kirangozi aliyesomea kazi kwa miaka na kutahiniwa katika theluji, mwamba na barafu, naye hawezi kuitwa kwa jina hilo bila cheti. Lakini hana wapagazi. Kwetu Kilimanjaro mzigo wa mpagazi una mpaka wa kilo 20, na mgeni hutembea na chupa ya maji na kofia. Huku kila mtu hubeba chake, tajiri na maskini sawasawa. Chakula cha kibanda ndicho huletwa na helikopta, nayo ndiyo mpagazi wa pekee. Nakiri kuwa sijaamua ni desturi ipi iliyo na adabu zaidi. Desturi ya huku humfanya kila mtu aujue uzito wa tamaa zake; ile ya kwetu huzilisha nyumba nyingi.

Kiongozi tuliyempata ni mwanamke wa makamo, mpole wa sauti, mchache wa maneno. Katika mkutano wa kwanza hakutuonyesha picha yoyote. Alitandika ramani, akauliza, "Mtatokea wapi?" Tulikuwa tumejiandaa kujibu tutaingilia wapi. Njia ya kutokea iliyopendwa na watu wengi kwa miaka mingi ilikuwa kupanda kutoka Konkordia mpaka kipito cha Lötschenlücke, kisha kuteremka bonde la Lötschental mpaka vijiji vyake. Lakini tarehe 28 Mei 2025 mlima ulio juu ya kijiji cha Blatten, katika bonde hilo, uliangusha mawe juu ya mto wa barafu wa Birch, na mawe na barafu kwa pamoja vikaporomoka na kukifunika kijiji. Nyumba zilikwenda, kanisa likaenda, barabara ikazikwa, na mto wa bonde ukazibwa ukawa ziwa. Mtu mmoja alikufa. Wakazi yapata 300 waliokuwa wakiishi humo walipona wote, kwa sababu siku tisa kabla yake walikuwa wameamriwa kuhama, nao wakahama, ilhali mlima ulikuwa ungali umesimama mbele ya macho yao.

Kiongozi alilitaja jambo hilo kwa maneno machache sana, akaifuta njia ile katika mpango kwa penseli. Tutarudi kwa mlango ule ule tutakaoingilia. Mmoja wetu alinung'unika kuwa kurudi ulikotoka si safari bali matembezi. Yeye akajibu kuwa watu wa Blatten wangalifurahi kurudi walikotoka. Hapana aliyesema neno baada ya hapo. Mimi nilibaki nikiwafikiria watu wale: mtu kufunga mlango wa nyumba ya babu yake, jua linawaka, ng'ombe wanatolewa, na sababu ya yote hayo ni hesabu za wapimaji walioona kuwa mlima unasogea. Kuondoka wakati hatari ingali hesabu ni jambo zito kuliko kukimbia ikiisha kuonekana. Tangu siku hiyo niliutazama mpango wetu kwa jicho jingine, nikaona kuwa karibu kila mstari wake ulikuwa ni ahadi ya kurudi.

Hesabu zenyewe ni nyepesi. Kilomita moja ya kwenda mbele huhesabiwa sehemu moja, na mita 100 za kupanda huhesabiwa pia sehemu moja. Watu wa nguvu za kadiri hufanya sehemu 4 kwa saa. Kutoka uwanja wa Konkordia kurudi Jungfraujoch ni yapata kilomita 8, na kupanda ni yapata mita 700. Hizo ni sehemu 15, nazo ni saa tatu na dakika 45. Kiongozi akaongeza saa nzima kwa ajili ya wembamba wa hewa, na saa nyingine kwa ajili ya ukungu. Kisha akahesabu kwa kurudi nyuma tangu garimoshi la mwisho, akapata saa ambayo, ikitukuta kibandani bado tunakunywa chai, hatutaondoka siku hiyo.

Kuhusu maporomoko ya theluji alitufundisha kanuni ya Werner Munter, kiongozi wa milima wa Uswisi aliyewafundisha wenzake kutazama mambo matatu mara tatu. Mambo yenyewe ni hali ya theluji na hewa, sura ya ardhi, na watu. Nayo hutazamwa nyumbani, kisha mahali penyewe, kisha mbele ya kila mteremko. Mteremko usiofika nyuzi 30 ni nadra kuporomoka wenyewe, ingawa waweza kufunikwa na ulio juu yake. Aghalabu poromoko linaloua huwa limeamshwa na yule yule liliyemuua, au na mwenzake. Ndiyo sababu kila mmoja huvaa kifuani redio ndogo itoayo ishara, na mkobani hutia sepeto na fimbo ndefu ya kukunja ya kuchomea theluji. Aliyefukiwa akifukuliwa katika dakika 10 za kwanza, aghalabu huishi. Ikipita nusu ya saa, aghalabu amekwisha kukosa pumzi. Helikopta haiwezi kufika katika muda huo. Wawezao kumwokoa ni wale walio naye tu.

Hapa naomba msomaji anivumilie nizungumze kidogo habari za maneno, maana ndiyo kazi yangu. Taasisi ya utafiti wa theluji iliyoko Davos hutoa taarifa ya hatari kila siku ya majira ya baridi, saa kumi na moja jioni, kwa daraja 5. Nilijaribu kuziandika daraja hizo kwa Kiswahili kwa ajili ya wanafunzi wangu. Ya kwanza ni ndogo, ya pili ya wastani, ya nne kubwa, ya tano kubwa sana. Ya tatu ilinishinda kwa wiki mbili. Neno la Kijerumani, erheblich, lina maana ya jambo lenye uzito, lisilopasa kupuuzwa. Nikiandika "kiasi", nampoza msomaji. Nikiandika "kubwa kidogo", namchanganya. Na daraja hiyo ya tatu ndiyo yenye sehemu kubwa ya vifo, kwa sababu katika daraja ya nne watu hukaa nyumbani, bali katika ya tatu hutazama tarakimu, huona kuwa iko katikati, nao hufanya katikati kuwa salama. Mwishowe niliandika "hatari ya kutosha". Wanafunzi wangu walicheka, wakauliza, ya kutosha nini? Nikawaambia wamekwisha kuielewa.

Sasa nimefikia jambo la tatu la kanuni ya Munter, yaani watu, na hapo ndipo meza yetu ilipokuwa nzito.

Kiongozi alimpa kila mmoja karatasi yenye maswali. Haikuuliza mtu anaweza nini, bali hawezi nini. Je, umepata kuzimia? Unatumia dawa gani? Ni mwendo gani ulikushinda mwaka uliopita? Ni vigumu kueleza jinsi maswali hayo yanavyomkera mtu mzima. Wasomi hasa tumezoea kuandika karatasi za kujisifu. Kwa kila cheo tunachokiomba huorodhesha tuyawezayo. Nilimwona mwenzangu mmoja, hodari sana darasani, akikaa mbele ya swali la kwanza kwa robo saa.

Yule mkubwa wetu, aliyetoa shauri la safari, nitamwita Mzee, kama nimwitavyo siku zote. Ni Mswisi, mwalimu aliyestaafu, mwenye umri wa miaka 71. Alipokuwa kijana alifundisha miaka sita katika shule moja ya sekondari kusini mwa Tanzania, na Kiswahili chake kingali na harufu ya huko; twapokuwa wawili hatusemi lugha nyingine. Yeye alijua kuteleza kabla hajajua kusoma. Mara ya kwanza alifika Konkordia mwaka 1974, na alitaka kufika tena kabla magoti yake hayajamkatalia. Mwezi wa Novemba aliniambia, kama mtu asimuliavyo habari za hewa, kuwa alizimia nyumbani mwake ngazini, akaamka peke yake sakafuni, na kuwa daktari ameanza kumpima moyo. Akaniomba neno hilo liishe hapo. Katika karatasi ya kiongozi, mbele ya swali la kuzimia, aliandika hapana.

Karatasi zilipita mkononi mwangu, kwa kuwa mimi ndimi mwandishi wa safari na mtunza fedha. Sikuzipeleka. Nilimwendea nyumbani kwake siku ya Jumapili.

"Mzee," nikamwambia, "nimeisoma karatasi yako."

"Basi ipeleke."

"Siwezi kuipeleka kama ilivyo."

Alinyamaza, akanimiminia kahawa. Kisha akasema, "Mwalimu, siri ya mtu ni deni. Wewe ndiwe uliyenifundisha maneno hayo."

"Ni deni, Mzee. Lakini kamba ni moja."

Alifahamu vema. Juu ya mto wa barafu watu hufungwa pamoja kwa kamba, kwa sababu chini ya theluji kuna nyufa zilizofunikwa, na mmoja akizama wengine humshika. Uzito wa mtu mmoja hukaa viunoni mwa wengine. Nilimwambia kuwa sitamwambia kiongozi lolote nyuma ya mgongo wake. Ila karatasi yake haitatoka kwangu mpaka yeye mwenyewe azungumze naye, na isipotoka hakuna safari ya mtu yeyote. Alisimama, akanifungulia mlango. Alikuwa na adabu, lakini hakuniaga kwa Kiswahili.

Siku kumi hatukuonana. Katika siku hizo nilijiuliza mengi. Mtu wa miaka 71 ana haki juu ya roho yake. Kama angalikwenda peke yake nisingalikuwa na la kusema. Na pengine moyo wake ungalimchukua salama, akaenda na kurudi, nami nikaonekana mtu mwoga aliyeharibu urafiki kwa sababu ya kisanduku kimoja cha karatasi. Hilo lawezekana. Mwenye kurudi mapema hana njia ya kuonyesha kuwa alikuwa sahihi. Watu wa Blatten ni wachache kati ya wote walioondoka mapema kuonyeshwa sababu. Walakini kila nilipopima, nilirudi kwenye kamba.

Siku ya kumi na moja kiongozi alinipigia simu kuniarifu kuwa Mzee amekwenda kwake mwenyewe na barua ya daktari. Daktari hakumkataza milima. Alimkataza kuinuliwa na garimoshi mpaka mita 3,454 kwa asubuhi moja, na kufanya kazi huko juu, kabla vipimo havijakamilika. Kwa kulinganisha, wapandao Kilimanjaro kwa njia ya Marangu hulala usiku wa kwanza katika kibanda cha Mandara, kadiri ya mita 2,700, baada ya kutembea polepole. Wajomba zangu hawakuhitaji barua ya daktari kulijua jambo hili. Kiongozi alisema kuwa hawezi kumpokea mwaka huu. Alisema pia kuwa katika miaka yake ya kazi ni mara chache amepata kuletewa barua kama ile kwa mkono wa mwenyewe.

Fedha za nafasi yake tuligawana sisi watano. Kibandani nilipunguza kitanda kimoja katika hesabu niliyokuwa nimeiagiza, maana mtunza nyumba hupika kwa idadi, na mtu asiyefika bila taarifa amewanyima wengine kitanda na kuharibu chakula kilicholetwa kwa helikopta. Mambo mengine yalikwenda upesi: shuka za kulalia, fedha taslimu, meno ya chuma ya kufunga chini ya viatu, miwani ya jua, chai.

Kila safari ya namna hii huacha karatasi moja chini, kwa mtu asiyekwenda. Karatasi hiyo huonyesha njia, majina, saa ya kutoka, saa ya kufika, na saa ambayo, ikipita bila habari, mtu huyo atapiga simu 1414 kuwaita waokoaji wa ndege. Anayeishika hana ruhusa ya kulala mapema, wala kupuuza, wala kutishika kabla ya wakati. Nilimwandikia Mzee kumwomba aishike. Hakujibu wiki nzima. Kisha ilikuja bahasha nene. Ndani yake mlikuwa na nakala ya karatasi yangu, pamoja na ramani yake ya mwaka 1974, imekunjwa mpaka mikunjo yake imetoboka, na alama zake za penseli.

Kibanda cha kwanza cha Konkordia kilipojengwa mwaka 1877, barafu ilikuwa yapata mita 50 chini ya mlango. Tangu hapo barafu imekuwa ikishuka, na kibanda kimebaki palepale kwenye mwamba, nao wenyeji wameendelea kuunga ngazi za chuma kwa chini, kipande baada ya kipande, ili mgeni aweze kufika. Leo vidato vimepita 400. Katika ramani ya Mzee, ukingo wa barafu umechorwa mahali ambapo sasa pana mwamba mtupu.

Katika nakala ya mpango, mbele ya saa ya kufika, alikuwa ameandika kwa Kiswahili, kwa mwandiko wa mwalimu wa shule, kuwa kiongozi ameweka robo saa kwa ngazi, nayo haitoshi. Watu hufika hapo wamechoka, skii zi mgongoni, upepo unavuma, na mmoja ataogopa kutazama chini. Wekeni nusu saa. Nami nitaanza kuhesabu baada ya nusu saa hiyo, si kabla.

Nilimpelekea kiongozi maneno hayo, naye akabadili saa. Taarifa ya kwanza kutoka Davos tutaisoma Jumatano, saa kumi na moja jioni.